Waliobaki Kwenye Kopo

Asubuhi ile Bibi Agnesi wa Buzebazeba alishindwa na mjukuu wake mara nne, na mara ya tano akaiba.

"Bibi! Hiyo umeitoa chini ya kitenge!"

"Ipi?"

"Hiyo hiyo! Mamba-Moto alishakufa."

"Mamba hafi upesi, mwana wanje," Bibi akasema, yaani mwanangu kwa Kiha. "Kawaulize wavuvi."

Catherine, mwenye miaka kumi na mmoja na mdomo wa miaka arobaini, alimpokonya bibi yake ile kadi akairudisha ndani ya kopo la maziwa ya unga. Bibi akacheka mpaka pengo lake likapigwa na jua. Hakuona haya hata kidogo. Mtu aliyezika mume na kusomeshwa mpaka darasa la nne tu na bado akajenga nyumba ya bati, aone haya kwa ajili ya mamba wa boksi?

Mchezo wenyewe ulitoka kwenye simu ya Nesi Aikande, mwanamke wa Moshi aliyehamishiwa Kigoma kikazi, akapanga chumba cha uani kwa Bibi. Ndani ya simu ile mlikuwa na majitu. Unayawinda, unayakusanya, halafu unachagua sita wenye nguvu kuliko wote, hao ndio kikosi chako, unawapeleka vitani. Catherine aliucheza juma zima, hadi simu ilipodumbukia kwenye sufuria ya mawese na majitu wote wakafa kifo cha mafuta. Basi mtoto akakata maboksi meupe ya dripu ambayo nesi aliyaleta kutoka kazini, akachora majitu yake mwenyewe kwa kalamu ya wino. Kila jitu na namba tatu chini ya miguu: nguvu, mbio, ngozi. Mamba-Moto. Ng'ombe wa Radi. Tembo-Nyuki. Hata bibi yake alimchora, na kitenge chake na mwiko mkononi, akamwita Bibi Mwiko, nguvu tisini na tisa. Bibi alijifanya amekasirika. Ukweli ni kwamba aliomba aongezewe moja zifike mia, akanyimwa.

Aliyekuwa hacheki mkekani ni mtu wa tatu, mtoto wa kike mwenye kovu kidevuni.

Mwezi ule wa tano meli ilikuwa inashusha Warundi kila siku, wanalala uwanja wa mpira wakingoja mabasi ya kuwapeleka kambini Nyarugusu. Mtoto huyu hakushuka na meli. Alishuka Kibirizi, kwenye mtumbwi wa wavuvi, asubuhi Bibi alipokuwa ananunua migebuka ya kukaanga. Alishika ukingo wa kikapu cha Bibi. Bibi akatembea, naye akatembea. Walipofika Buzebazeba alikuwa bado amekishika, na vidole vilikuwa vimekakamaa hata ikabidi vibanduliwe kimoja kimoja kama magamba.

"Unaitwa nani?"

"Butoyi."

Jina hilo kwa watu wa huku ni kama mlango mmoja wa kabati. Butoyi ni pacha wa pili. Aliyetangulia huitwa Bukuru, hakuna namna nyingine. Kwa hiyo kila jirani aliyelisikia, kabla hata ya pole, aliuliza: "Eeh! Na Bukuru yuko wapi?" Na kila alipoulizwa, mtoto alisimama pale pale alipo, akaangalia upande wake wa kushoto, na mkojo ukamtiririka miguuni.

Baada ya mara ya tatu Bibi akasema basi. Kuanzia leo wewe ni Christina, mjukuu wangu kutoka Kasulu. Ukiitwa lile jina jingine usiitike, usigeuke, huyo si wewe. Umesikia?

"Ego," akasema mtoto. Ndiyo.

Aliishika ahadi hiyo kuliko Bibi alivyotarajia. Ndani ya wiki tatu alikuwa Christina hata akiamka usingizini. Jambo moja tu lilimshinda kuacha: chakula chake alikigawa kwa kidole, mstari katikati ya ugali, akala nusu.

*

Jumatatu mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hamdani, alifika na karatasi. Bibi alimkuta amesimama mlangoni, kofia mkononi, pua ikielekea kwenye kikaango.

"Shikamoo mwenyekiti na kofia yako."

"Marahaba... ah! Agnesi, wewe ni mkubwa kwangu, usinichumie dhambi asubuhi. Shikamoo."

"Marahaba. Samaki bado mbichi, kwa hiyo sema shida ya pili."

Mzee Hamdani akakohoa. Alikuwa amepita nyumba kumi na saba kabla ya hii, na kote alisoma maneno yale yale. "Wametuletea majina kutoka uwanjani. Watu wanatafuta watu wao. Na tumekumbushwa: mwenye mgeni asiyeandikishwa amlete, asifiche. Sasa kuna mtoto pale uwanjani anatafuta mwenzake." Akaisogeza karatasi mbali na macho. "Butoyi. Wa kike, miaka tisa. Kovu kidevuni. Anatafutwa na pacha wake Bukuru."

Kikaangoni mafuta yalilia. Bibi aligeuza samaki ambaye alikuwa amemgeuza sasa hivi.

Hata yeye mwenyewe baadaye hakuweza kusema maneno yale yalitoka wapi. Alikuwa amelea kwa wiki tatu, basi. Wiki tatu ni nini? Lakini kila jioni mtoto yule alimkanda miguu bila kuombwa, na asubuhi alimshikia kikapu ukingo ule ule.

"Hapa hakuna Butoyi," akasema. "Hapa nina Catherine, na Christina wa Kasulu."

"Kasulu."

"Kasulu. Au nako kumehamia Burundi, mwenyekiti?"

Mzee Hamdani aliangalia uani, ambako watoto wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakiwa wamewapa mgongo. Aliangalia muda kidogo. Halafu akatoa kalamu akaandika neno moja mbele ya jina, akasema anavyoandika, kama watu waliosoma ukubwani wanavyofanya: "Ha-yu-po."

Bibi alimfungia migebuka miwili kwenye gazeti. Hakuombwa. Mwenyekiti naye hakukataa.

Neno lile lilibaki mlangoni baada ya mwenyewe kuondoka. Mama yake Bibi, Mungu amrehemu, alimkataza tangu utotoni: pacha hasemwi hayupo, hata ukiwa umemzika kwa mikono yako. Pacha unasema yuko njiani. Ukisema hayupo, umeita jambo.

*

Jioni, jua likiwa bado juu ya maji, Dismasi alirudi kutoka bandarini. Alikuwa kuli, mwana pekee wa Bibi, naye ndiye baba yake Catherine. Mkewe alikuwa Mpanda akiuza mitumba. Dismasi alikuwa amekwisha kusikia habari zote kwa Mzee Hamdani. Alinawa, akakaa, hakugusa ugali.

"Mama. Umefanya vema."

"Nani kakuuliza?"

"Nasema tu. Kile kitambulisho changu cha geti la bandari ni cha siku kwa siku. Wakisikia kwangu kuna mkimbizi nimemficha, kesho naitwa pembeni."

"Basi kumbe nimefanya vema kwa ajili ya geti."

"Mama, sikiliza. Huyu mmoja anafichika. Ni mtoto, ni mweusi kama sisi, anasema Kirundi na sisi tunasema Kiha, nani atajua? Lakini mapacha hawafichiki. Wakipita njiani wawili, sura moja, mtaa mzima utageuza shingo. Mmoja tunamweza. Wawili hatuwawezi."

"Na yule wa uwanjani?"

Dismasi akamega tonge, akalirudisha. "Yule ana hema, ana uji. Huyu ndiye tuliyempata sisi."

Bibi alikuwa anahesabu sahani. Nyumba ilikuwa na walaji watano ukimtia nesi, naye alikuwa amepakua sita. Akahesabu tena. Sita. Akairudisha moja jikoni, na alipopita dirishani alimwona mtoto amesimama kando ya pipa la maji, ameegemea, anamwangalia.

"Christina, ingia ule."

"Niko hapa, Bibi," ikasema sauti ndani, mkekani, nyuma ya mgongo wake.

Alipogeuka tena pipani palikuwa na pipa tu. Bibi Agnesi alijisemea kwamba macho ya uzee ni kama redio ya mkulima, hushika stesheni mbili kwa pamoja. Lakini hakucheka, na yeye si mtu wa kupoteza utani mzuri namna ile.

*

Jumatano mchana kulikuwa na ugomvi mkubwa mkekani.

"Huyu hajui kucheza!" Catherine alilalamika. "Bibi, njoo umwone. Nimempa nafasi achague kwanza. Kuna Ng'ombe wa Radi pale, nguvu themanini! Kamwacha. Kachukua vitu gani? Ona!"

Bibi akainama. Mbele ya mtoto palikuwa na kadi mbili tu. Alikuwa amezichora mwenyewe: kijidudu kidogo chenye macho makubwa, nguvu mbili, mbio nne, ngozi sifuri. Na kwenye kadi ya pili, kijidudu kile kile.

"Chagua wenye nguvu, mama," Bibi akamwambia. "Vita ni vita. Hawa watakufa kabla hawajasalimia."

"Hawa wanakwenda pamoja."

"Haya, chukua mmoja, basi, uongeze na wakubwa watano."

"Oya." Hapana. Mtoto aliweka kiganja juu ya kadi zote mbili. Kisha akaangalia lile kopo la maziwa, lililofungwa mfuniko, ambamo walilala majitu thelathini na kitu ambao hawakuchaguliwa. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei:

"Wale waliobaki kwenye kopo wanakula nini?"

"Hawali," Catherine akasema. "Ni makaratasi."

"Siku zote?"

"Siku zote! Wanakaa tu, wanangoja."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, kama amepata jibu alilolijua. Akafungua mfuniko kidogo, akauacha hivyo.

Ndipo Nesi Aikande alipoingia uani, ametoka zamu uwanjani, viatu mkononi. Alikuwa na sura ya mtu aliyelala amesimama. Alikalia ndoo, akapokea maji, akaanza kuongea kabla hajanywa, maana wanaohudumia wagonjwa wa kipindupindu wana mengi ya kutapika nao pia.

"Bibi, wakubwa nimewazoea. Watoto ndio wananiua. Jumatatu kulikuwa na kabinti kwenye foleni ya uji, kana vikombe viwili. Nikamwambia, mama, kikombe ni kimoja kwa mtu. Mkalimani ananiambia mwache, huyo kila siku hivyo. Kimoja anakunywa. Cha pili anakaa nacho mapajani hadi uji unachacha, wanakuja kumwaga kwa nguvu, na kesho tena." Akanywa. "Sikumwona sura vizuri. Alikuwa amejifunika. Nilidhani nimeshakaona mahali."

Bibi aliangalia chini. Kwenye mkeka, mtoto hakuinua kichwa. Alikuwa anapanga zile kadi mbili, ubavu kwa ubavu, hata zisiachane upana wa ukucha.

"Mabasi yanaondoka lini?" Bibi akauliza.

"Yanaondoka kila siku, Bibi. Kesho saa nne lipo."

*

Alhamisi hakukaanga. Wateja walifika, wakakuta jiko limepoa, wakadhani amefiwa. Bibi alimvalisha mtoto gauni la Catherine, akampaka mafuta magotini, akamwambia wanakwenda kutembea. Dismasi alisimama mlangoni kana kwamba ana la kusema.

"Sogea," mama yake akamwambia. "Usinizibie njia na kitambulisho chako."

Akasogea. Tuseme ukweli, alisogea upesi.

Catherine alikuwa bado amelala. Mtoto alichukua kopo la maziwa akalikumbatia. Bibi hakumuuliza.

Walipita Mwanga, sokoni, watu wakiwasalimu, na mtoto ameshika kitenge cha Bibi mahali ambapo pangekuwa ukingo wa kikapu. Walipokaribia uwanja, hewa ikaanza kunuka klorini. Bibi akasimama. Alikuwa ameandaa hotuba tangu Buzebazeba, nzuri kabisa, yenye mzaha mwanzoni.

"Mama," akaanza, "kuna mtu humo ndani..."

"Bukuru," mtoto akasema.

Hotuba ikafia hapo.

"Ulijuaje?"

"Nilisikia. Mzee alisoma."

"Tangu Jumatatu? Umesikia ukanyamaza? Kwa nini hukusema, mwana wanje?"

Mtoto alimwangalia kwa mshangao, kama anayeulizwa kwa nini maji ni maji. "Ulisema Butoyi hayupo," akasema. "Nikanyamaza. Kwani alikuwepo?"

Bibi Agnesi alikuwa ameshajibu mapadri, mahakimu na wakusanya ushuru. Hili hakulijibu. Alimshika mkono wakaingia.

Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limeshaamka na hasira zake. Mbele ya meza alikaa kijana mwembamba, karani na mkalimani, Nikodemu kwa jina lililoning'inia shingoni. Walipofika kwake hakuinua macho.

"Jina la mtoto?"

"Christina," mtoto akasema, wazi, bila kusita hata chembe. "Mjukuu wa Bibi Agnesi. Natoka Kasulu."

Nikodemu akaweka kalamu. "Bibi, hapa ni wakimbizi. Wa Kasulu wanapanda gari stendi."

Nyuma yao watu wakacheka kidogo. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema kwa Kirundi kwamba Watanzania nao sasa wanagombea mahema. Miaka yote watu walimchekea Bibi kwa sababu alitaka, leo walimcheka.

"Si Christina," akasema.

"Kasema mwenyewe."

"Mimi ndiye niliyemfundisha." Akavuta pumzi. "Anaitwa Butoyi. Mlileta jina lake mtaani kwetu Buzebazeba Jumatatu. Mimi nikasema hayupo. Si mwenyekiti, mimi. Alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwangu, nami nikasema hayupo."

Kicheko kikakatika. Nikodemu alimgeukia mtoto, na kwa kuwa naye alikuwa mtu wa huku huku, lililomtoka ni lile lile ambalo lingemtoka yeyote: "Eeh! Na Bukuru yuko wapi?"

Bibi alifumba macho akingoja kusikia maji yakidondoka. Hayakudondoka. Mtoto alilisogeza kopo kifuani.

"Yuko kwenye kopo," akasema. "Anangoja. Hajala."

Nikodemu alivuta daftari lake, akapekua kurasa, kidole kikashuka, kikapanda, kikashuka tena. Kilipotulia, uso wake ulibadilika, na Bibi akajua kabla hajaambiwa.

"Ameondoka jana. Basi la saa nne." Alisoma kwa sauti ya chini. "Wameandika, pacha wake ametafutwa, majibu: hayupo. Kapelekwa na watoto wasio na ndugu."

"Jana," Bibi akasema.

"Jana, Bibi."

"Sasa niandike na mimi. Niende naye nikamtafute."

"Wewe ni Mha wa Buzebazeba. Umekimbia nini?"

"Nimekimbia ulimi wangu," Bibi akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema jambo la kuchekesha akatamani asichekwe. Hakuchekwa. Lakini hakuandikwa pia.

Mtoto aliandikwa. Butoyi. Nikodemu aliandika pembeni kwamba atafutiwe pacha wake, akapigia mstari mara mbili, akamwonyesha Bibi ule mstari kama vile ni kitu cha kuchukua nyumbani. Saa nne basi lilijaa. Mtoto alipanda akiwa na kopo lake, akakaa kwenye kiti cha watu wawili, akasogea mpaka dirishani ili nafasi ya kushoto ibaki. Mtu akaja kutaka kukaa. Bibi aliona kutoka nje midomo ya mtoto ikisema "Oya." Mtu yule akaangalia kiti kitupu, akaenda kusimama.

*

Nyumbani alimkuta Catherine mkekani, mikono kiunoni.

"Kaniibia, Bibi! Kachukua kopo zima! Kaniachia hawa tu." Kwenye mkeka zilikuwa zimepangwa kadi tano: Mamba-Moto, Ng'ombe wa Radi, Tembo-Nyuki na wengine wawili, wenye nguvu kuliko wote. "Dhaifu wote kachukua yeye. Sasa mimi nitapigana na nani?"

"Kikosi ni sita," Bibi akasema. "Wa sita yuko wapi?"

"Bibi Mwiko. Kakuchukua na wewe. Kakutia kwenye kopo."

Bibi Agnesi akakaa polepole. Majitu watano walikaa pale hadi jioni, nguvu tele, na hakuna wa kumpiga.

Wiki tatu baadaye Nesi Aikande alipelekwa Nyarugusu kwa siku mbili. Aliporudi hakupewa nafasi ya kuvua viatu.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Bibi. Kwa mbali, anatoka kwenye foleni ya uji. Niliita, watu walikuwa wengi."

"Umemwona nani?"

"Mtoto. Yule yule, sura ile ile, kovu..." Mkono wa Aikande ulikuwa umekwenda kidevuni ukakwama hapo. "Kovu sikuliona. Alikuwa ameinama."

"Walikuwa wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja yupi?"

"Sijui, Bibi. Kweli sijui. Alikuwa amebeba mabakuli mawili."

"Yote yana uji?"

"Yote yana uji. Anatembea taratibu, usimwagike."

"Anampelekea mtu," Bibi akasema, "au anautunza?"

Aikande aliinama kuvua viatu. Mafuta yalikuwa yamepata moto. Bibi akatia samaki. Dismasi alirudi, akanawa, akakaa, akaangalia sahani zilizopangwa mkekani. Zilikuwa sita, kwa walaji wanne. Alifungua mdomo ahesabu, halafu akaufunga. Akajisogeza kidogo kulia, ili pale kushoto ibaki nafasi.

"Wako njiani," Bibi akasema, akageuza samaki.